Kipimo ni cha Wote, Kitabu Kina Mwenyewe



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu, vumbi na zebaki. Leo tuzungumze juu ya karatasi. Msicheke. Karatasi inaweza kuokoa mtu, na karatasi inaweza kuua mtu.

Tazameni ukuta wa ofisi ya kapita, mlango wa stoo, au kibanda kilicho karibu na mdomo wa shimo. Mtakuta afishi imebandikwa: fanya hivi, usifanye hivi. Nani aliiandika? Aliitoa katika kitabu gani? Nani aliitia katika Kiswahili, na kwa ruhusa ya nani? Aliyeichora upya aliongeza kitu, au alipunguza? Wengi wetu hatuulizi. Sisi tunasema: tuulize. Nyuma ya karatasi hiyo kuna haki mbili. Ya kwanza ni haki ya yule aliyeandika. Ya pili ni haki yako wewe unayeshuka shimoni, haki ya kujua. Watu wanapenda kuzigombanisha haki hizo mbili. Kwa maoni yetu hazigombani, kila moja ikikaa mahali pake.

HATARI MBILI

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, ni mfano tu. Kanuni za madini za nchi yetu zinamkataza mchimbaji wa mkono kuchimba kupita metre 30 kwenda chini. Mtu mwema anaandika hayo kwa kalamu, anapeleka kufanya fotokopi mjini Butembo. Nakala ya kwanza inasomeka vizuri. Mwenzake anatoa nakala katika nakala, na mwingine katika nakala ya nakala. Ikifika ya tano, wino umefifia, 3 imefunga mdomo wake, imekuwa 8. Karatasi inapanda pikipiki, inakwenda upande wa Manguredjipa, inabandikwa huko. Sasa inasema metre 80, na juu yake bado kuna jina la serikali. Hakuna aliyekusudia uongo. Lakini mtu ataiamini, na udongo hauna huruma kwa aliyeamini karatasi mbaya.

Hiyo ni hatari ya kwanza: karatasi isiyo na mwenyewe.

Hatari ya pili ni kinyume chake. Mkubwa wa kazi ana kitabu cha kanuni za usalama, kwa Kifaransa au Kiingereza, kimefungiwa katika kabati. Wafanyakazi wanaomba kiletwe kwa Kiswahili. Anajibu: "Haiwezekani. Kitabu hiki kina haki ya mwandishi. Sheria inakataza." Basi kitabu kinabaki safi kabatini, na watu wanashuka shimoni bila kujua kilichoandikwa ndani yake.

Yule wa fotokopi hajui sheria. Huyu wa kabati anaijua nusu tu, na nusu ya sheria ni hatari kama nusu ya kamba.

KIWANGO NI NINI?

Kiwango ni maandishi ya mafundi yanayosema kitu kiwe namna gani ili kifae na kisidhuru: unene wa kamba, ugumu wa kofia, rangi ya alama ya hatari, namna ya kusimamia usalama wa kazi. Shirika la kimataifa la viwango, linaloitwa ISO, lilianza kazi 1947 na makao yake ni Geneva. Afrika ina lake, ARSO, lililoundwa 1977, na makao yake ni Nairobi. Majirani zetu wana mashirika yao: UNBS kule Uganda, KEBS kule Kenya, TBS kule Tanzania. Kwetu Kongo kuna OCC, iliyoundwa 1974, ambayo mizigo inayopita mpaka wa Kasindi inakaguliwa nayo. Tangu 2022 nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo viwango vya jumuiya hiyo navyo vinatuhusu, wafanyabiashara wa Beni na Butembo kwanza, na sisi tunaovaa na kutumia vitu wanavyoleta.

Viwango havianguki kutoka mbinguni. Mafundi wanakaa, wanapima, wanabishana, wanaandika, wanafuta, wanaandika tena. Mwishoni kitabu kinapigwa chapa na kuuzwa, na fedha hizo husaidia kulipa kazi ya mashirika mengi ya namna hiyo. Sosiete ikinunua kitabu kimoja, kisha ikawatolea sosiete nyingine kumi fotokopi, imekula jasho la wengine. Sheria ya nchi yetu juu ya haki za waandishi, Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda aliyeandika. Na tangu 1963 nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ambao kwa huo nchi nyingi zimeahidiana kulinda waandishi wa kila upande.

Hayo ni haki. Mfanyakazi anayedai malipo ya jasho lake hawezi kudharau jasho la mwingine.

KINACHOFUNGWA NA KISICHOFUNGWA

Lakini sikilizeni vizuri. Haki ya mwandishi inafunga maneno yake na michoro yake, jinsi alivyoipanga. Haifungi wazo. Haifungi namna ya kufanya kazi. Haifungi kipimo. Hayo si maneno yetu: yameandikwa katika kifungu cha 9 cha mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya mali ya akili, na Kongo ni mwanachama wa shirika hilo tangu tarehe 1 Januari 1997.

Tuchukue kofia ya kazi, ile kaske mnayoijua. Kuna kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 397. Katika toleo lake la 2012, kofia inajaribiwa hivi: chuma cha kilo 5 kinaangushwa juu yake kutoka urefu wa metre 1, na nguvu inayopita hadi kwenye kichwa cha mfano haitakiwi kuzidi kilonewton 5, yaani karibu uzito wa kilo 500. Je, kwa kuwaambia hayo tumeiba? Hapana. Tumesema jambo la kweli kwa maneno yetu. Kama tungechukua kurasa za kitabu hicho, tukazipiga fotokopi na kuzigawa bila ruhusa, hapo tungekuwa tumevunja haki ya mwenyewe.

Ni vilevile na rangi. Katika alama za kimataifa za usalama, duara la buluu linasema "lazima ufanye", pembetatu ya manjano inasema "angalia, hatari", duara jekundu lenye mstari linasema "marufuku", na kijani kinaonyesha njia ya kutokea au mahali pa huduma ya kwanza. Hakuna anayeweza kukukataza kumfundisha mtoto wako hayo usiku huu, mezani, kwa penseli za shule.

Ni vilevile na motopompe. Kanuni ya kutoishusha motopompe ya mafuta ndani ya shimo haina mwenyewe anayeiuza. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa, na mtu analala asiamke. Iandike kwa maneno yako, isome kwa sauti, mwambie jirani. Sheria yoyote ya haki ya mwandishi haikuzuii.

Kwa hiyo mkubwa wa kazi anayesema "sheria inakataza kuwaeleza" amekosea. Sheria inakataza kunakili kitabu. Kueleza hatari hakukatazwi.

KITABU KINAPOZAA KITABU

Sasa tufike penye ugumu. Mtu hataki kueleza tu. Anataka kutafsiri kitabu chote, au kukifupisha sura kwa sura, au kuchukua michoro yake na kuibadili iwe afishi. Hiyo ni kazi iliyozaliwa na kazi nyingine. Mkataba wa Berne unasema wazi: mtafsiri ana haki juu ya tafsiri yake, kwa sababu naye ametoka jasho, lakini haki ya mwandishi wa kwanza haifi. Mtoto huyo ana wazazi wawili. Usimtoe nyumbani kabla ya kuongea na yule wa kwanza.

Basi, kabla ya kutafsiri, tazama mlango wa nyumba hiyo ukoje. Iko milango ya namna tatu.

Mlango wa kwanza umefungwa, na ufunguo uko kwa mwenyewe. Vitabu vya ISO na vya mashirika mengi ya viwango viko hivi. Unanunua, unasoma, unafuata. Ukitaka kutafsiri na kugawa, unaandika barua na kuomba. Barua haiui mtu. Kukaa bila kuomba kunaweza kuua.

Mlango wa pili uko wazi nusu. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linatoa vitabu vyake vingi kwa ruhusa iliyoandikwa ndani ya kitabu chenyewe: tafsiri, badili, gawa, lakini usifanye biashara, usitumie alama ya shirika, toa kazi yako kwa ruhusa ya namna hiyohiyo, na useme waziwazi kwamba tafsiri hii haikufanywa na shirika hilo na kwamba asili ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu.

Watu wa Beni na Butembo hawana haja ya kuelezwa maana ya mlango huo. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, ukianzia Mangina, na haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Katika siku hizo kanuni za kunawa, za kuuguza na za kuzika zilikuwa nyingi. Shida ilikuwa zifike masikioni mwa watu kwa lugha ya nyumbani: Kinande, na Kiswahili chetu cha hapa, si Kifaransa cha ofisini wala Kiswahili cha vitabuni tu. Kanuni njema isiyoeleweka ilionekana kama amri ya mgeni, na amri ya mgeni ilizaa hasira. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba tafsiri ni dawa. Na dawa haichanganywi ovyo: neno moja likikosewa katika kanuni ya kuzika, familia nzima inaweza kuugua.

Mlango wa tatu uko wazi kabisa. Katika kazi yetu ya madini kuna kanuni zinazoitwa CRAFT, zilizotolewa 2018 na Alliance for Responsible Mining pamoja na RESOLVE, kwa ajili ya wachimbaji wadogo wanaotaka kuuza madini yao kwa njia ya halali. Waandishi wake waliamua tangu mwanzo: yeyote aweza kuzinakili, kuzitafsiri, kuzibadili, hata kuzitumia katika biashara. Wanadai mambo machache: utaje ulikozitoa, useme umebadili nini, na uliyoyatengeneza uyaachie wengine kwa masharti yaleyale. Kwa mlango huo, kikundi cha wachimbaji wa Lubero kinaweza kesho kukaa na mwalimu mmoja na kuanza kuzitia kanuni hizo katika Kiswahili, bila kuomba ruhusa Ulaya wala Marekani.

Angalieni sharti linalorudi katika milango hiyo miwili: sema umebadili nini. Hilo si adabu tu. Hilo ni usalama. Msomaji akijua kwamba karatasi imebadilishwa, ataitafuta asili yake akiwa na shaka. Asipojua, ataishika kama sheria. Na tena, usiweke jina la shirika juu ya maandishi uliyoyageuza wewe. Kofia iliyopigwa chapa "EN 397" bila kujaribiwa na afishi iliyotiwa jina la ISO bila kutoka ISO ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinakuambia "amini", na hakuna aliyezipima.

SHERIA IFUNGIWE KABATINI?

Liko neno moja zito zaidi. Mara nyingine serikali inachukua kiwango cha mafundi na kusema: tangu leo hii ni lazima. Hapo kitabu cha kuuzwa kimekuwa sheria. Je, mtu anaweza kuadhibiwa kwa kuvunja sheria ambayo hakuwa na fedha za kuinunua?

Ulimwengu umelibishania jambo hilo. Septemba 2023, mahakama ya rufaa ya Washington, Marekani, iliamua kwamba kuweka hadharani, bila kutafuta faida, viwango vilivyoingizwa katika sheria si kuvunja haki ya mwandishi. Tarehe 5 Machi 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyohusu viwango vya usalama wa vitu vya watoto vya kuchezea, kwamba viwango vya namna hiyo ni sehemu ya sheria ya Umoja, na manufaa ya watu wote yanadai waweze kuvisoma. Mahakama hizo hazikufuta haki ya mwandishi. Zilisema tu kwamba inapofika kwenye sheria, mwananchi naye ana haki ya kuiona.

Na kwetu? Mkataba wa Berne unaiachia kila nchi iamue jinsi ya kuyalinda maandishi ya sheria na tafsiri zake rasmi. Lakini Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatuonyesha njia. Kifungu cha 142 kinaiamuru serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu itiwe sahihi. Kiswahili ni moja ya lugha hizo nne. Sheria ya Madini ni ya tarehe 11 Julai 2002, na ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Hesabuni wenyewe siku 60. Kisha kila mmoja ajiulize: nimewahi kuishika sheria hiyo mkononi, kwa Kiswahili?

Wengine watasema: "Viwango vikisomwa bure, mashirika yatakosa fedha, na mafundi wataacha kuviandika." Neno hilo lina ukweli, tusilipuuze. Sisi tunajibu hivi. Wenye faida na wanunue: sosiete, wauzaji wa mashine, wajenzi. Serikali inayokifanya kiwango kuwa lazima na ilipe, kama inavyolipia barabara. Lakini yule ambaye mwili wake ndio unaolindwa na kanuni hiyo asiambiwe alipe ndipo aisome. Amekwisha kulipa kwa kuweka uhai wake pale.

TUFANYE NINI?

Kwa wakubwa wa kazi: nunueni vitabu vya asili, msinakili kwa wizi. Palipo na haja ya tafsiri, ombeni ruhusa kwa maandishi. Wakati mnangoja jibu, elezeni hatari kwa maneno yenu wenyewe, kwa sauti, kila asubuhi.

Kwa kamati ya usalama na usafi ambayo Sheria ya Kazi ya 2002 inaitaka mahali pa kazi: kila afishi iwe na mistari minne chini yake. Imetoka katika kitabu gani na toleo la mwaka gani. Nani ameitafsiri au ameibadili. Kimebadilishwa nini. Imekaguliwa tarehe gani. Afishi isiyo na mistari hiyo ing'olewe, irudi kusomwa na watu wawili pamoja na asili yake, tarakimu kwa tarakimu.

Kwa anayefanya fotokopi: usitoe nakala katika nakala. Rudi kwenye asili. Na namba za hatari ziandikwe pia kwa maneno: "metre thelathini." Neno halifungi mdomo kama tarakimu.

Kwa mfanyakazi: usione haya kuuliza, "Bwana kapita, karatasi hii imetoka wapi?" Kapita mwema atafurahi. Akikasirika, uliza tena siku ya mkutano, mbele ya wenzako.

Kwa mama na vijana wa nyumbani: ninyi mnaosoma shule mna kazi kubwa. Baba akileta karatasi ya Kifaransa, kaeni naye, msomeeni, mwambieni maana yake kwa Kiswahili au kwa Kinande. Tafsiri hiyo ya mezani haimwibii mwandishi yeyote.

Ndugu wasomaji, mwandishi wa kiwango anastahili heshima yake, na jina lake lisiwekwe juu ya maneno asiyoyasema. Lakini hakuna mtu anayemiliki metre 30. Hakuna anayemiliki kilo 5 zinazoanguka juu ya kofia. Vipimo hivyo vilipatikana ili watu warudi nyumbani wazima.

Heshimu kitabu. Sambaza kipimo. Uliza karatasi imetoka wapi.